Siku Vyombo Vyetu Vilipotolewa Nje

Mwanangu Mwanahawa,

Salamu sina haja ya kukuandikia, maana baina yangu na wewe pana ukuta mmoja tu wa udongo, na najua unanisikia nikikohoa hapa barazani. Alasiri imekwisha kuswaliwa. Ndani mmejaa wanawake, harufu ya udi inatoka mpaka njiani, na jirani yetu Bi Mwanaidi amesimama mlangoni tangu adhuhuri anazuia watu. Nilipojaribu kuingia alinitazama juu mpaka chini akasema, "We Salum, mtoto yuko mikononi mwa somo yake. Wataka nini humu?" Nikarudi kukaa. Mimi niliyekuwa nikipaza sauti kambi nzima ikanyamaza, nimerudishwa na bibi anayenifika kifuani. Kwa hiyo nimeomba karatasi kwa Maalim Shomari, na nitasema nawe kwa kalamu.

Mambo ya nyumba sitayagusa. Namna ya kupika, namna ya kukaa na mume, lini useme na lini unyamaze, hayo ni ya somo yako, na kwa vicheko ninavyovisikia humo ndani hakuna alichokiacha. Mimi naandika kwa sababu ya swali uliloniuliza jana uani, umeshika ndoo, hata hukunitazama. Ulisema, "Baba, mwambie Hamisi nibaki hapa mpaka amalize jeshi. Wewe ukisema, atakubali."

Ni kweli atakubali. Asubuhi ya leo amekuja mwenyewe, mumeo mpya, akapiga saluti kwanza ndipo akakumbuka shikamoo. Akasema, "Mzee, livu yangu imekwisha. Lori la kwenda Msata, pa kushikia gari la Moshi, linaondoka kesho alfajiri. Ukisema abaki, sitagomba." Basi neno liko kinywani mwangu, na lori ni kesho. Ama uende naye Moshi mkakae laini za askari, ama ubaki Bagamoyo na sisi. Tangu asubuhi nimelizungusha neno hilo na sijapata pa kulitua.

Kabla ya jibu nataka ujue tulivyoanza kukaa katika nyumba hii. Ulikuwa mdogo, na mengi unayoyakumbuka ni yale tuliyokusimulia tukiwa tumekwisha kuyapunguza makali.

Wewe laini unazijua kidogo. Vibanda vya mviringo vimepangwa mistari, kila askari na chake, milango yote inatazama upande mmoja, ukipiga chafya jirani anakujibu. Kila Jumamosi asubuhi ilikuwa siku ya ukaguzi. Vyombo vyote hutolewa nje: kitanda, sufuria, mablanketi, mpaka mwiko na kibatari, vikapangwa mbele ya mlango, mke na watoto pembeni, na afande akapita na kifimbo chake kutafuta kunguni na vumbi. Mama yako hakuwa na mpinzani. Sufuria zake ziling'aa hata afande mmoja alijitazama sharubu ndani yake, akazinyoosha, akaendelea na safari. Nilitembea kifua mbele wiki nzima. Nilimwita mama yako "askari wangu" na nilidhani hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Hakuwahi kuicheka wala kuikataa, na mimi sikujiuliza kwa nini.

Yeye nilimtoa Songea kwa watu wake, msichana ambaye hajaiona bahari. Jioni ile baada ya nikaha nilimwambia, "Tunaondoka keshokutwa." Ndivyo nilivyosema, kama nilivyoambiwa mimi na wakubwa wangu. Kila kambi tuliyohamishiwa nilimwambia maneno hayo hayo, naye akafunga mizigo akafuata. Nilimwona yu radhi kwa sababu hanung'uniki. Jeshini asiyenung'unika huhesabiwa kuwa yu radhi, mwanangu, na nikayaleta mahesabu hayo nyumbani.

Vita vya Hitla, vilivyonifikisha mpaka Bama, vilipokwisha, nikatumikia muda kidogo tena, kisha nikaachishwa jeshi. Nikawaleta hapa, kwenye nyumba aliyoiacha marehemu babu yako. Makuti yameoza, popo wamejaa darini, ua wote umelala chini hata mtu akipita njiani anaona mpaka jikoni. Mama yako alisimama mlangoni amebeba mzigo kichwani, akaitazama. Mimi nikaanza kujieleza, kwamba nitaezeka, kwamba nitapiga chokaa. Akaniuliza jambo moja tu, "Hapa hatuondoki?" Nikasema hatuondoki. Ndipo akatua mzigo.

Wewe ulikwisha kuingia. Ulipita mlango wa mbele, ukakata ukumbi, ukatokea uani, ukazunguka nyumba nzima ukaingia tena mbele, mpaka jasho likakutiririka. Kisha ukasimama mbele ya chumba cha pili, ukaninong'oneza, "Baba, humu anakaa askari gani?" Nikakwambia hakai mtu, ni chetu. Ukauliza cha tatu. Nikasema nacho chetu. Ukaniangalia kwa huruma, mtoto mdogo kama wewe, ukaona baba yako ameanza uongo uzeeni. Na ajabu ni kuwa na sisi wakubwa hatukuamini, maana vyumba ni vitatu na tukalala wote katika kimoja kwa muda mrefu, tumebanana vile vile kama kibandani, mimi goti lako mbavuni.

Unakumbuka tarumbeta? Ulikuwa umezoea kulala baada ya tarumbeta ya jioni kambini, na hapa hakuna. Ukagoma kulala. Nikawa nakupigia kwa mdomo, nimejifunika kanga ya mama yako nisisikike kwa majirani. Walisikia. Waliniambia miaka baadaye kuwa walinionea huruma, walidhani nimerudi vitani na maradhi ya kifua.

Na Maalim Shomari, ambaye chuo chake cha Kurani kiko nyumba ya tatu, alipita siku moja akakuamkia, "Hujambo, bibi mdogo?" Ukabana visigino ukampigia saluti. Mzee wa watu akasimama. Akatazama kulia na kushoto kama yupo amwonaye, akainua mkono akairudisha, akaenda zake taratibu. Mpaka leo hataki niitaje habari hiyo mbele ya wanafunzi wake.

Mama yako naye alikuwa na vita vyake na nazi. Kwao hakuna. Alikikalia kibao cha mbuzi kiubavu, akakuna nazi pamoja na vidole vyake, tui likamkatikia, mchuzi ukatoka maji huku na mabonge kule. Nikala. Nikasema mtamu, nikaomba mwingine. Akaniangalia, akasema, "Baba Mwanahawa, huko Bama mlikuwa mnakula nini?"

Hizo ndizo zilikuwa furaha zetu. Nilipiga chokaa kuta, nikakanyaga sakafu mpya ya udongo, wewe ukitembea nyuma yangu unakanyaga pale pale nilipokanyaga. Nikatoboa dirisha katika chumba chetu. Laini hapakuwa na madirisha, na mama yako alikuwa akilifungua na kulifunga hata pasipo haja, kwa utamu wa kulifungua na kulifunga. Jioni akisimama hapo nilimsikia akijisemea. Nilidhani anaimba. Nilikuja kujua baadaye kuwa alikuwa anajaribu maamkizi ya hapa kwetu, siku mtu atakapokuja.

Hakuja mtu. Wakati huo sikuliona hilo. Katika laini mlango hufungwa kwa amri, basi na sisi tulifunga, na hapa mlango uliofungwa mchana una maana yake. Watu wa mtaa wakasema mwanajeshi ana kiburi na mkewe wa bara hapendi watu. Yeye naye akaniambia siku moja, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Watu wa kwenu wapole sana. Wanapita kimya." Nikamjibu ndiyo, ni wapole. Nikaendelea kunoa panga langu.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Sakafu imekauka, makuti yamekwisha kuezekwa, kila kitu kiko mahali pake, na mimi sina raha. Nilipungukiwa na kitu ambacho sikukijua, mpaka Jumamosi moja asubuhi nikakijua: ukaguzi. Mwili wangu ulikuwa unaudai kama mtu aliyezoea kahawa. Nikatoka chumbani nimevaa kaptura yangu ya kazi, nikapaza sauti ile ya zamani, "Toa! Toa vyombo vyote nje!"

Mama yako akanitazama, akafunga kanga kiunoni, akaanza kutoa. Ua ulikuwa bado haujasimama, kwa hiyo tulivitoa mbele, upande wa njia. Kitanda, sanduku lake, sufuria, jamvi, mto wa usufi, vikombe. Jua lilikuwa kali na yeye alikuwa na jasho, anajifuta uso kwa ncha ya kanga. Wewe umesimama pembeni wima, mikono imenyooka, kama nilivyokufundisha. Mimi nikaingia ndani na fimbo kupekua chini ya kitanda kilipokuwa, na kila nikiona vumbi napiga kelele, "Na hiki? Hiki kimebakia kwa nini? Toa!"

Wewe umekulia hapa, hukosi kucheka sasa. Mtu mzima yeyote wa Bagamoyo, akiona vyombo vya mwanamke vimetolewa njiani, mume anafoka ndani, mke anajipangusa uso na mtoto amesimama hana la kusema, anajua kabisa ni nini. Anajua mwanamke ameachwa. Mimi mzaliwa wa hapa, niliyetahiriwa hapa, nilikuwa nimelisahau jambo hilo kwa kukaa sana jeshini.

Wa kwanza kuja alikuwa Bi Mwanaidi. Hatukuwa tumesemeshana naye zaidi ya salamu za kupita. Alikuja mbio, kiatu kimoja, akamkumbatia mama yako shingoni akalia, "Masikini mwanangu! Kakuacha! Mgeni wa watu, hana hata ndugu wa kumpokea!" Mama yako, Kiswahili cha pwani kikisemwa haraka kilikuwa bado kinampita, akasikia kilio tu. Akadhani kuna aliyekufa. Akadhani pengine ni desturi, mwenzako akilia nawe ulie. Akalia. Na alipoanza, mwanangu, hakuweza kuacha. Wakatoka wanawake wengine nyumba za jirani, kila mmoja akaanza pale alipowakuta wenzake. Wewe nawe, kwa kuwa hukupewa amri ya kunyamaza, ukaangua.

Nikatoka kuona kuna nini, na fimbo mkononi.

Sitakueleza walivyonitazama. Maalim Shomari alikuwa amekwisha kufika na wazee wawili, akanyoosha kiganja. "Salum, mwanangu, weka fimbo hiyo chini. Mche Mungu. Umekwisha kutamka?"

"Kutamka nini, Maalim?"

"Talaka, bwana! Umempa?"

Nikasema laa, hapana talaka, ni Jumamosi. Wazee wakatazamana. Nikasema tena, kwa sauti ya kueleza, kwamba ni Jumamosi na mimi nakagua. Maalim akaniuliza nakagua nini. Nikasema vyombo. Akaniuliza, vyombo vya nani? Basi nilipopata haya, nilizipata zote siku moja.

Wengine walianza kucheka, na ingekwisha kwa kicheko. Lakini Maalim hakucheka. Alimgeukia mama yako, ambaye bado yuko kifuani kwa Bi Mwanaidi, akamwambia polepole ili afahamu, "Binti, huyu amesema lake. Na wewe wataka nini?"

Tulikuwa tumeoana miaka na miaka. Sikuwahi kusikia mtu akimwuliza mama yako swali hilo, na mtu wa kwanza ambaye hakuwahi kumwuliza ni mimi. Alijitoa kifuani kwa Bi Mwanaidi. Nilijua nisiyoyajua yanakuja. Kisha akasema, "Nataka vitu vyangu vikiingia leo, visitoke tena."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeomba maji. Mimi nilikwisha kupigwa risasi ya paja huko Bama, na nakuambia kweli, ile iliniuma kidogo kuliko hii. Nilisema, "Havitatoka." Nikasema na mara ya pili, wazee wasikie.

Basi wale wanawake wakavinyanyua. Hawakuningoja. Kitanda wakakielekeza wanavyojua wao, sufuria wakazifunika kawa, sanduku wakalitia uvunguni, na kila chombo wakakigeuza wakiuliza hiki wapi umekipata na hiki cha nini, mama yako akijibu kwa Kiswahili chake kile cha kambini kilichojaa amri, nao wakicheka naye mpaka wakashika mbavu. Nilichungulia nikaona mwiko umewekwa mahali ambapo mwiko haukai. Nikafungua kinywa. Bi Mwanaidi akasema, "Kaa barazani wewe!" Nikakaa. Ikaletwa kahawa kutoka sijui nyumba gani, na wazee wakaanza kuniuliza habari za Bama, na nyumba nyuma yangu ikajaa watu kwa mara ya kwanza. Mchana mtu aliyetoka shamba Kiwangwa akaacha nanasi mlangoni bila kusema neno. Usiku ule ulilala bila tarumbeta.

Toka siku ile mlango wetu haukufungwa mchana. Bi Mwanaidi ndiye aliyemkalisha mama yako sawasawa juu ya kibao cha mbuzi akamfundisha tui lisikatike, na ndiye aliyekupeleka kwa somo yako ulipovunja ungo. Na Jumamosi ikabaki Jumamosi, kwa sababu wewe hukukubali ife. Ulinisimamisha uani, ukashika kijiti, ukanikagua mimi. "Kucha, afande! Masikio, afande! Viatu hivi ni aibu, afande!" Mama yako anachambua mchele pale kizingitini, anacheka machozi yakimtoka. Kama Mungu angeniuliza ni asubuhi gani za maisha yangu nataka nirudishiwe, nisingetaja paredi hata moja.

Nimekuandikia haya yote na bado sijakujibu. Najua. Nachelewa kwa makusudi.

Kuna upande mwingine ambao sijakusimulia, nao pia uupime. Vita vilipoanza niliwarudisha wewe na mama yako Songea kwa bibi yako. Mlikuwa na nyumba nzuri, ulezi ghalani, ndugu kila upande, hakuna wa kuwakagua. Mimi nikaenda nilikokwenda. Niliporudi nikakukuta mtoto mwenye meno, anayekimbia, anayejua nyimbo. Ulijificha nyuma ya bibi yako ukamwuliza, nikisikia, "Yule askari ataondoka lini?" Hukukosea. Miaka ile haikurudi, na sikuipoteza kwa kuwa nilikuwa mbaya wala mama yako alikuwa mbaya. Ilipotea kwa sababu hatukuwa pamoja, basi.

Leo baada ya Hamisi kuondoka nikamwendea mama yako jikoni. Nikamwuliza, "Mwanao abaki au aende?" Akaendelea kutoa mawe katika mchele. Kisha akasema, "Siku ile Songea ungeniuliza, ningekwambia nakuja. Nilikuwa nimekwisha kukupenda, mjinga wewe. Ningekuja kwa miguu yangu. Lakini ulisema tunaondoka keshokutwa, na miaka yote ile nikawa mzigo mmojawapo."

Nikakaa chini, pale pale penye maganda ya nazi. Nikamwambia anisamehe. Akasema alikwisha kusamehe siku ya vyombo, nisimmwagie mchele. Nikamwuliza tena, na Mwanahawa? Akasema, "Kwa mama yangu nilikuwa na nyumba nzima na sina mtu wa kugombana naye. Laini nilikuwa na kibanda, na tukigombana mpaka jirani anaamua. Mimi ningechagua kibanda. Lakini mimi si Mwanahawa."

Nikamwita Hamisi. Nikamwuliza, "Ukipewa uhamisho, mkeo utamwambiaje?" Akajibu papo hapo, mgongo umenyooka, "Nitamwambia tunaondoka, mzee." Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka katika kifua cha kijana. Nikamwambia akae, nikamsimulia habari ya vyombo. Hakucheka hata mahali pa kucheka. Alifikiri, akatazama viatu vyake, akasema, "Mzee, mimi sijui kuuliza. Jeshini sisi huulizwa tu, hatuulizi." Nikampenda kwa jibu hilo kuliko kama angeniambia ndiyo mzee. Akaniuliza aanze na swali gani. Nikamwambia aanze na dogo: kesho akuulize kama wataka kukaa mbele na dereva au nyuma pamoja naye juu ya magunia. Akaondoka, nikaona midomo yake inacheza, analirudia asilisahau. Ni mtoto mwema. Ana ujinga wangu, lakini anao mapema, na utamtoka akisaidiwa.

Basi hili ndilo jibu langu. Nimekuamrisha tangu niliporudi vitani, na hili siliamrishi. Sitamwambia Hamisi ubaki, wala sitakuambia wewe uende. Unaweza kusema baba anakimbia. Sikimbii, na ili usidhani nakimbia nakuambia wazi ninachotaka. Nataka uende, kwa sababu nimeona kinachopotea watu wakikaa mbalimbali. Na nataka ubaki, kwa sababu ni wewe. Yote mawili ni kweli, na hakuna linalokupasa kulifuata.

Kesho alfajiri lori litasimama hapo mbele. Ukitoka kwa miguu yako, nitakushika mkono ukipanda. Ukifika huko ukaona huwezi, rudi, usingoje ruhusa yake wala yangu. Usipotoka, nitakwenda mimi mwenyewe kwa Hamisi, nitamwambia, nitampandishia mzigo wake, na nitarudi ndani tunywe chai. Maadamu mimi ni hai, hakuna wa nyumba hii wala wa mtaa huu atakayekunyooshea kidole.

Lakini kama utatoka, usinisome usoni. Utanikuta nimesimama wima, nacheka na dereva, nasifu magurudumu ya lori lake. Hiyo nilifundishwa, siwezi kuiacha kwa siku moja. Ninayoyataka kusema nayasema hapa kwa kuwa kesho hayatatoka: nakupenda, mwanangu. Nyumba hii ilikuwa vyumba vitatu tu mpaka ulipokimbia ndani yake.

Maalim anaadhini, inanibidi nisimame. Kila siku wakati kama huu huwa nakuita uniletee maji ya kutawadha, nawe huitika kabla sijamaliza jina lako. Kesho nitakuita tena, kwa mazoea. Kama upo, utaitika. Kama unakwenda, waambie wa nyumbani kabla hujapanda wasinizuie, waniache niite.

Baba yako,
Salum